Unga Chini ya Msolo

Jumbe wetu alipomaliza kutoa tangazo, watu walibaki wamekaa palepale kama vile kuna jambo bado halijasemwa. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Siku ya sikukuu ya Kaizari bustani ya boma kule Lindi itafunguliwa, na kila mtu, wa mjini na wa bara, ataruhusiwa kuingia kutazama miti. Hakuna kazi, hakuna kubeba mzigo. Kutazama tu.

"Kutazama tu," alirudia mzee mmoja nyuma yangu. "Halafu?"

Jumbe akasema halafu hakuna. Hapo ndipo watu walipozidi kuingiwa na wasiwasi.

Sababu walikuwa nayo. Pamba nayo ilianza kwa kutazama. Kabla ya vita ililetwa miche michache ikapandwa mbele ya nyumba ya akida, tukaitwa tuione ilivyo mizuri, na msimu uliofuata tulikuwa tunailima kwa kiboko huku mtama wetu ukiliwa na nguruwe. Vita vilipokwisha tukaitwa tena. Kila mwenye gobori alipeleke Lindi, atasamehewa na kurudi kwake. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa na gobori la marehemu baba yake. Alilifuta vizuri, akalitia begani, akaenda nalo. Hakurudi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, na mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Muda wote ule hakujua kama yu hai. Kisha akapita mwuza chumvi mmoja, akasema amewaona wafungwa wa mnyororo wakimwagilia miti katika bustani ya Lindi, na mmoja wao hutupa mguu wa kushoto anapotembea. Binamu yangu alikuwa na mwendo huo tangu alipoanguka mtini akirina asali. Shangazi alimsikiliza mwuza chumvi mpaka mwisho, akanunua chumvi, na alipoondoka akasema watu wa namna ile humwambia kila mama habari ya mtoto wake ili chumvi itoke. Lakini tangazo lilipokuja, yeye peke yake ndiye aliyesema atakwenda.

Baba hakumkataza. Alisema, "Nenda, dada. Ila usibebe kitu cha kumwagika."

Siku zile kila mtu alijua maana yake. Dawa ya vita ilikuwa maji na mtama, na baada ya vita mtu aliyekutwa njiani na kibuyu cha maji na unga kidogo aliulizwa maswali ambayo hayakuwa na jibu zuri. Na kwetu unga ulikuwa na kazi yake ya zamani, kabla hata ya Wadachi kuja. Mtu akisafiri, au akipotea, mkubwa wa ukoo huenda chini ya mti wa msolo, akamimina unga wa mtama taratibu kati ya vidole mpaka ufanye kichuguu kidogo chenye ncha. Haushindiliwi wala haupapaswi. Asubuhi mkubwa huyo hurudi kuutazama. Ukiwa umesimama, msafiri ni salama. Ukiwa umebomoka, mambo hayajanyooka. Baba alikuwa ameingia katika Uislamu mwaka ule, kama wengi wa kijiji chetu, na akasema mambo ya unga tumeyaacha. Jumbe naye aliyakataza kwa hofu tu. Kwa hiyo shangazi alikuwa hajamiminia mtoto wake unga hata mara moja, na jambo hili lilimkaa rohoni kuliko lile la gobori.

Mimi nilitumwa nifuatane naye kwa kuwa niliwahi kusoma katika shule ya serikali kule Lindi, nikaujua mji. Sikuwa msemaji. Mwalimu wangu alikuwa akisahau kama nimo darasani, na mara moja alifunga mlango nikiwa bado ndani naandika. Lakini shangazi alisema anataka mtu asiyesema, maana wanaosema ndio waliotuponza.

Tulishuka pamoja na watu wachache wa vijiji vya jirani waliokuwa na shughuli zao mjini. Njiani shangazi hakuwaambia anakwenda kufanya nini. Walipouliza, alisema anakwenda kutazama miti, na wao wakatazamana. Nilimwona mara kwa mara akigusa pindo la kaniki yake, pale alipofunga fundo kubwa kama ngumi. Nikajua ni kitu cha kumwagika.

Bustani ilikuwa chini ya kilima, palipo na kijito, imezungushiwa ua wa minyaa. Nilipokuwa shuleni palikuwa kichaka. Sasa palikuwa na lango lenye nguzo mbili, na njia iliyopangwa mawe kila upande, mawe yote meupe. Kutoka upande wa boma ilisikika tarumbeta na ngoma za askari. Watu wa mjini waliingia wamevaa kanzu safi, wanacheka, wanawaonyesha watoto wao hiki na kile. Watu wa bara tulisimama nje kidogo, kila mmoja akingoja mwingine aingie kwanza.

Langoni alikuwepo mnyapara wa wafungwa, mtu mnene wa makamo, kofia nyekundu kichwani na fimbo kwapani. Alipomwona shangazi alishusha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Shangazi alikawia kuitika. Baadaye aliniambia kilichomkawiza. Tangu lini mnyapara akamwamkia mwanamke wa kaniki? Lakini aliitika marahaba, kwa sauti ndogo.

"Karibuni ndani," mnyapara akasema. "Miti yetu haiumi. Na huyu kijana, mbona anatazama chini? Ni bubu?"

"Anasikia," alijibu shangazi. "Akiwa na neno atakwambia."

Mnyapara akacheka, akatufuata nyuma. Wengine waliingia wakajiendea, sisi akatufuata. Nilihisi fimbo yake mgongoni ingawa hakuiinua.

Niseme kweli, bustani ile ilikuwa nzuri, nami sikupenda kuiona nzuri. Palikuwa na misufi iliyonyooka, na mikarafuu kama ya Unguja, na mti ambao mnyapara aliuchanja kwa ukucha ukatoa maziwa mazito, akasema maziwa yale ndiyo mpira. Palikuwa na mdalasini. Alivunja jani akampa shangazi anuse. Shangazi alilishika kwa ncha za vidole, akangoja mnyapara ageuke, akaliangusha, akapangusa mkono kwenye mti mwingine. Kisha akautazama na ule mti mwingine kwa mashaka.

Mbele kidogo palikuwa na mti uliojaa maua mekundu, hauna jani hata moja. Shangazi akauliza matunda yake huliwaje. Mnyapara akasema hauna tunda la kula, ni wa kupendeza tu.

"Nao unamwagiliwa?"

"Kila siku."

"Na nani?"

Mnyapara akasema, "Na watu," akaupungia mkono mti uliofuata.

Kila mti ulikuwa na kibati kidogo chenye maandishi. Shangazi akanong'ona nisome. Nilijaribu. Herufi nilizijua zote, lakini hazikufanya neno la Kiswahili wala la Kidachi kile kidogo nilichofundishwa. Nilipomwambia sielewi, alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Akasema labda ni majina ya vijiji. Mti huu wa Mitole, ule wa kwetu, na mwakani kila kijiji kitaletewa mti wake kwa kiboko. Nilitaka kumwambia si hivyo, lakini nilipofikiri niliona sina uhakika. Pamba nayo haikuja na maelezo.

Kilichomsimamisha kabisa ni ule weupe. Miti yote, kuanzia chini mpaka kimo cha goti, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, na udongo wa kuzunguka shina umenyunyiziwa unga mweupe pia. Mawe yale ya njiani nimesema yalikuwa meupe. Shangazi alitazama mstari mzima wa miti, kisha mstari wa pili, akanishika mkono kwa nguvu.

"Baba," alininong'oneza, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la babu, "hawa nao wanatambika."

Nikamwambia ni chokaa.

"Nani kakwambia?"

Nikasema mwalimu alitufundisha kwamba chokaa huzuia mchwa.

"Mwalimu wa nani?"

Mwalimu alikuwa mtu wao. Shangazi akaendelea kwa sauti ya chini, midomo haichezi, kwamba watu wetu wamechapwa kwa unga wa kujaza kiganja, na huku bustani nzima imemiminiwa, tena mchana, tena wanatuita tuje tuone. Ndiyo sababu wakashinda, akasema. Walitukataza tambiko letu ili walifanye wao kwa wingi. Nilijua ni chokaa. Niliwahi kuiona ikichomwa kwa matumbawe kule pwani, na shuleni tulipaka ukuta. Hata hivyo nilijikuta natazama zile duara nyeupe na kujiuliza kwa nini kila mti, hata ule wa maua, hata ule mche usiofika kiuno.

Wafungwa hawakuonekana popote. Shangazi alikuwa akitazama kati ya miti, si miti yenyewe. Mnyapara alipoitwa na Mdachi mmoja aliyekuwa akitembea na mkewe chini ya mwavuli, tulishuka upesi mpaka mwisho wa bustani, penye kijito.

Pale, pembeni mwa miti ya kigeni, palikuwa na msolo. Labda ulikuwepo tangu zamani wakaona hasara kuukata. Nao ulikuwa na kibati, na shina limepakwa chokaa. Na upande wa mawio, juu ya udongo uliofagiwa, palikuwa na kichuguu cheupe, kidogo, chenye ncha.

Tulisimama. Haikuwa chokaa iliyonyunyizwa kama kwenye miti mingine. Ilimiminwa taratibu kati ya vidole, haikushindiliwa wala kupapaswa. Shangazi alichuchumaa akaigusa kwa kidole. Ilikuwa ngumu. Umande ulikuwa umeilowesha na jua limeikausha ikawa kama jiwe.

"Ni chokaa," akasema sasa yeye mwenyewe.

"Ndiyo, shangazi."

"Aliyeiweka ni mtu wa kwetu. Hakuwa na unga."

Nilifikiri atafurahi, maana mtu wa kwetu, katika bustani ile, angekuwa nani kama si mfungwa? Lakini alikunja uso. Kichuguu cha chokaa hakibomoki, akasema. Kitasimama mwaka mzima, mtu awe mzima au awe amekufa. Hakisemi kitu. Mtu anaweza kukiweka ili atudanganye tuone heri.

Akafungua fundo la kaniki.

Nilitazama huku na huku. Ngoma za boma zilikuwa zimenyamaza, na nyayo nikazisikia zinakuja, nikamgusa bega. Shangazi hakuharakisha. Alimimina unga wa mtama mweupe kando ya ile chokaa, taratibu, akilitaja jina la mtoto wake na la baba wa mtoto wake, mpaka kichuguu cha pili kikasimama sawa na cha kwanza. Alipokuwa akikung'uta pindo, kivuli cha mnyapara kilikuwa tayari juu ya vyote viwili.

"Nini hiki?"

Shangazi alibaki amechuchumaa. Fundo lilikuwa wazi mkononi mwake, weupe umebaki kwenye uzi. Niliona fimbo ikitoka kwapani. Nilijua wangempeleka boma, na nilijua wangeuliza maji yako wapi, kana kwamba kijito hakipo palepale. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Chokaa, bwana."

Mnyapara akanitazama. "Kumbe una ulimi."

Aliinama kwa shida, kwa sababu ya tumbo. Hakugusa kichuguu cha zamani. Alichovya kidole katika kile kipya, kwenye ubavu, pasipo kubomoa ncha, akakiweka mdomoni. Alikaa nacho kidogo. Nilimtazama kooni nikaona amemeza.

"Chokaa," akasema.

Akajipangusa kidole kwenye suruali, akatazama kule alikokuwa Mdachi na mwavuli. Kisha, kama mtu anayeeleza habari za miti, akasema leo wafungwa wamefungiwa kwa sababu ya sikukuu, na kwamba kesho jua likichomoza huanza kumwagilia upande huu, na kwamba minyaa ya karibu na kijito imekufa, mtu akiwa barabarani anaona mpaka ndani. Akatuamuru tutoke, kwa sauti kubwa sasa, ya mnyapara.

Tulilala kwa mama mmoja niliyemjua tangu nikiwa shuleni, na mpaka tunalala shangazi alikuwa akiyapindua maneno yale. Mtu aliyemeza unga akauita chokaa ana nia gani? Kama ni mwema, kwa nini ameshika fimbo ya Wadachi? Kama ni mbaya, kwa nini hakutukamata palepale? Akaona jibu ni moja. Anataka tuje kesho, tumtazame mfungwa, ili ajue mfungwa gani ni wetu, na huyo ndiye atakayeulizwa kuhusu unga. Hata mimi niliona ndivyo. Akasema basi hatutakwenda, tutaondoka na mapema.

Tuliondoka na mapema. Lakini njia ya kwetu haipiti kwenye kijito, na shangazi alishika ya kijito. Nilimfuata nyuma.

Minyaa ilikuwa imekufa kweli. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukajifanya mimi nimechomwa na mwiba. Shangazi alinishika mguu akauchokonoa kwa nguvu kana kwamba mwiba umo. Wafungwa walikuja kwa mstari, shingo zimeunganishwa kwa mnyororo, kila mmoja na debe tupu kichwani. Nyuma yao mnyapara. Walikuwa wamekonda hata wakafanana, nami nilikata tamaa ya kumtambua mtu. Kisha mstari ukashuka kijitoni kuchota maji, na mmoja akautupa mguu wa kushoto.

Kucha za shangazi ziliingia kwenye unyayo wangu. Hakuita.

Mnyororo ulifika kwenye msolo ukasimama. Kichuguu chetu kilikuwa kimesimama bado, niliona weupe wake. Binamu yangu aliinama kumimina debe, na wenzake wawili wakainama naye kwa kuwa mnyororo uliwavuta. Mkono wake ukaenda chini, ukaenda mdomoni. Ukaenda tena chini. Alikula unga ule wote, pamoja na mchanga, akalamba kiganja, na mnyapara wakati huo alikuwa amewapa mgongo, anaupiga mti mwingine kwa fimbo yake polepole kama anayeupima.

"Amekula tambiko," alisema shangazi, akiwa bado ameushika mguu wangu. Kisha akasema, "Ana meno."

Akaniachia mguu, tukashika njia ya kwetu.

Walipofunguliwa wafungwa wa vita, binamu alirudi kwa miguu yake, shingo ina kovu la mviringo na vidole vimeungua kwa chokaa. Sisi ni watani, yeye na mimi, na alipopata nguvu kidogo nilimwambia ameiba chakula cha mababu, watamdai. Akasema wamdai tu, na mara nyingine waongeze chumvi.

Shangazi aliuliza kama yeye ndiye aliyemimina ile chokaa. Akasema hapana. Alikikuta kichuguu kile tangu siku ya kwanza alipopelekwa bustanini, na kila kikichakaa kilikuwa kinarudi kipya, wala hakumwona mfungwa yeyote akikimimina.

"Basi ni yule mnyapara," alisema shangazi. "Ni wa kwetu yule. Nilijua aliponiamkia."

Hakuwa amejua.

Binamu aligeuka akainua shuka, akatuonyesha mgongo. Akasema ni fimbo ya huyohuyo, siku debe lilipomponyoka mbele ya Mdachi. Akasema mama asimsifu mtu yule masikioni mwake. Shangazi aliutazama mgongo ule muda mrefu, akaufunika mwenyewe, akaenda kutwanga.

Siku nilipokuwa na safari ya mjini alinipa kifuko cha unga wa mtama mweupe nimpelekee mnyapara. Baba alikuwepo, akatazama pembeni. Nilimkuta langoni palepale. Sikujua nimwambie umetoka kwa nani, nikamkabidhi tu. Alifungua, akatazama barabarani kushoto na kulia, akachovya kidole akaonja.

"Chokaa nzuri," akasema, akakitia kifuko ndani ya shati.

Niliporudi shangazi aliningoja uani. Hakuuliza amesema nini. Aliuliza kama alionja mbele ya macho yangu, na kama alimeza.

Nikamwambia alimeza.

"Uliona koo?"

"Niliona, shangazi."

Akafikiri. Akasema msimu ujao, Mungu akipenda, nimpelekee kingine, lakini nisikawie pale, na nisikubali kuingia ndani.